Miezi minane na mashine ya kupimia presha nyumbani

Ni kisanduku chepesi cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye kioo kimoja, vitufe vitatu, mrija wa mpira na mkanda wa kitambaa unaofungwa kwenye mkono wa juu, vidole viwili juu ya kiwiko. Kimekaa mezani kwangu kwa miezi minane, na katika muda huo nimekisifu, nimekilaani, nimekikimbia kwa wiki mbili na kukirudia. Sikukinunua kwa kupenda vifaa. Daktari alinipima mara moja, akanyamaza, akanipima tena, kisha akasema kwamba namba alizozipata zilimtia shaka lakini hazikumtosha kuniandikia dawa. “Kapime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima,” aliniambia, “kisha uniletee daftari. Usiniletee mambo ya kukumbuka kichwani.” Jina la kampuni iliyotengeneza mashine hii nimeliacha makusudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sifa na kasoro nitakazozieleza ni za jamii nzima ya mashine za kielektroniki za mkono wa juu, na msomaji atazikuta hata akinunua ya kampuni nyingine.

Kwanza niseme kwa nini kifaa hiki kinastahili kujadiliwa kwa uzito. Shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha, ni nguvu ambayo damu inazisukumia kuta za ateri, mishipa inayoitoa damu moyoni kuipeleka mwilini: namba ya juu hupatikana moyo unapojikaza kuitoa damu, na namba ya chini unapolegea ili ujae upya. Nguvu hiyo ikikaa juu kwa miaka, utando laini wa ndani ya ateri hujeruhiwa, lehemu, yaani kolesteroli, hupenya na kujikusanya ukutani, njia ya damu hufinywa, na siku moja rundo hilo la mafuta hupasuka, damu huganda juu yake na kuuziba mshipa unaolisha misuli ya moyo. Huo ndio mshtuko wa moyo. Wakati huohuo moyo wenyewe, ukisukuma dhidi ya ukinzani siku baada ya siku, hujenga misuli minene na migumu ambayo mwishowe hushindwa na kazi. Yote haya yanaweza kuendelea bila maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawakuwa wanajua. Nilipoisoma takwimu hiyo niliacha kujiuliza kama mashine ya nyumbani ni anasa.

Utendaji wake unavutia zaidi kuliko umbo lake. Mwaka 1733 kasisi Mwingereza Stephen Hales alichapisha maelezo ya jinsi alivyounganisha mrija wa kioo na ateri ya farasi na kuona damu ikipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alituokoa na mirija hiyo kwa kubuni mkanda wa kujazwa hewa, na mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, akaeleza sauti zinazosikika ateri inapofunguka chini ya mkanda huo, zile ambazo muuguzi huzisikiliza kwa vifaa vya masikioni. Mashine yangu haisikilizi sauti zozote. Inajaza mkanda hadi ateri ifungwe, kisha inaitoa hewa polepole huku ikihisi mitetemo midogo ambayo kila pigo la moyo huiacha kwenye hewa ya mkandani. Mitetemo hiyo huanza hafifu, hukua hadi kilele, halafu hufifia. Kilele kinaonyesha shinikizo la wastani, na kutoka hapo mashine hukokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kila kiwanda huitunza kama siri yake.

Kwa maneno mengine, namba mbili ninazozisoma kila asubuhi ni makadirio yaliyofanyiwa hesabu, nami nimelazimika kumwamini mtu nisiyemjua aliyeiandika hesabu hiyo. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulitafuta, kabla ya ukubwa wa kioo au uzuri wa mfuko, ni ushahidi kwamba mfano huo hasa wa mashine umejaribiwa kwa watu na kulinganishwa na vipimo vya wataalamu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 81060-2 kinataka majaribio yafanywe kwa watu wasiopungua 85, na wastani wa tofauti kati ya mashine na wapimaji usizidi milimita 5 za zebaki, kizio kinachotumika kwa namba zote za presha, bila tofauti hizo kutawanyika kupita kiasi. Kibali cha kuuzwa dukani si uthibitisho wa usahihi. Ni mambo mawili tofauti, na muuzaji niliyemuuliza alionekana kutoyatofautisha. Yangu ilikuwa imejaribiwa, ingawa habari hiyo niliikuta kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa herufi ambazo mtu wa umri unaohitaji mashine hii hawezi kuzisoma bila miwani. Za kufunga kifundo cha mkono nilizijaribu dukani nikaziacha, kwa sababu mkono ukipinda kidogo tu jibu hubadilika; za kidoleni hazipendekezwi na wataalamu kabisa.

Kasoro kubwa kuliko zote ni mkanda. Uliokuja ndani ya boksi umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na mipaka hiyo imechapishwa upande wa ndani wa kitambaa, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Mkono wangu una sentimita 28, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuangalia. Kisha kaka yangu alikuja kunitembelea, mtu wa miraba minne, akaomba naye ajaribu. Mkanda ulimzunguka kwa taabu, sehemu ya kunata ikashika kwa upana wa kidole kimoja, mashine ikanguruma kwa muda mrefu kuliko kawaida na kutoa 158 kwa 96. Akapima tena, ikatoa 157. “Mdogo wangu,” alisema huku akiuvua, “mashine yako ina chuki na mimi.” Nilipompima mzunguko wa mkono kwa futi ya kushonea nilipata sentimita 37. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kubana kwa nguvu zaidi ili kuifunga ateri, hivyo husoma juu kuliko ukweli. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hufanya kinyume chake. Tuliagiza mkanda wa sentimita 32 hadi 42, ambao kiwanda huuuza kando, na ulipofika kaka alipata 147 kwa 91. Bado ni namba ya kumpeleka kwa daktari, na alikwenda, lakini tofauti ya milimita 11 inaweza kuamua kama mtu ataongezewa kidonge au la. Kuuza mashine yenye mkanda mmoja bila futi ya karatasi ndani ya boksi ni uzembe ambao ungerekebishwa kwa gharama ndogo sana, na ndio ulionifanya niinyime mashine hii alama kamili.

Baada ya mkanda, chanzo kingine cha makosa ni mtu aliyeufunga. Asubuhi ya kwanza nilipanda ngazi, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikakunja mguu juu ya mwingine, nikaulaza mkono mapajani na kubonyeza kitufe huku nikimjibu mtu aliyekuwa chumba cha pili. Mashine ilisoma 152 kwa 94. Nilishtuka, nikasoma kijitabu kwa mara ya kwanza, na kugundua kwamba katika dakika moja nilikuwa nimevunja karibu kila sharti lake. Nilihamia kwenye kiti chenye egemeo, nikaweka nyayo zote mbili sakafuni, nikauegemeza mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo, nikakaa kimya dakika tano na kupima tena: 136 kwa 86. Mwili ulikuwa uleule. Kila sharti lina sababu yake, nami naona ni vyema kulijua kuliko kulikariri. Mkono ukishuka sentimita kumi chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza takriban milimita nane kwenye namba, kuzungumza huipandisha, kibofu kilichojaa huipandisha pia, na kahawa, sigara au mazoezi vinatakiwa viwe vimepita kwa nusu saa nzima. Mkanda haufungwi juu ya shati, wala shati halikunjwi hadi likabana mkono juu yake. Kipimo kimoja hakitoshi: hupimwa mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa kwa anayezitumia, na tena jioni, kwa siku saba ikiwezekana. Siku ya kwanza huachwa nje ya hesabu, kwa sababu mwili huwa bado unaionea mashine haya, na zilizobaki hutafutiwa wastani.

Utaratibu huu wa wastani ndio faida halisi niliyoinunua, na kijitabu kimeueleza kwa mistari miwili tu. Presha hubadilika kila pigo. Hupanda unapoamka, hushuka unapolala, huruka unapopokea simu usiyoitarajia. Kipimo kimoja cha kliniki ni sawa na kuchungulia mto kwa kufumba na kufumbua na kudai kwamba umeujua. Wapo watu ambao namba zao hupanda mbele ya koti jeupe la daktari na kutulia nyumbani, na wakipimwa kliniki pekee wanaweza kuanzishiwa dawa wasizozihitaji. Wapo pia wa kinyume chake, wenye namba nzuri kliniki na mbaya nyumbani au kazini, na hao ndio wa kuhofiwa zaidi kwa kuwa huruhusiwa kwenda zao wakiwa na ugonjwa. Daftari langu la wiki ya kwanza lilitoa wastani wa 138 kwa 87. Sikuwa nimesingiziwa na kliniki, wala hali haikuwa mbaya kama ile 152 ya ukingoni mwa kitanda ilivyonitisha.

Hapo nikagongana na kioo. Pembeni mwake kuna mstari wa rangi, kijani chini, manjano katikati, nyekundu juu, na kwa wastani wangu huo mshale ulikaa kwenye kijani cha mwisho, kana kwamba mambo ni shwari. Watengenezaji wameitumia mipaka ya kliniki, ambako presha huitwa ya juu kuanzia 140 kwa 90. Lakini mtu aliyetulia nyumbani husoma chini zaidi, na miongozo mingi inayozungumzia vipimo vya nyumbani huweka mpaka kwenye 135 kwa 85. Marekani tangu mwaka 2017 imeushusha hadi 130 kwa 80. Mashine iliyotengenezwa kutumiwa nyumbani inayopaka rangi kwa vipimo vya kliniki inampa mtumiaji usingizi asioustahili. Zaidi ya hapo, rangi zinamfanya mtu aamini kwamba kuna ukuta kati ya afya na ugonjwa, ilhali hatari hupanda kama mteremko. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002, uliounganisha takwimu za watu wazima takriban milioni moja, ulionyesha kwamba kwa wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115 kwa 75 kwenda juu, kila ongezeko la 20 kwenye namba ya juu au 10 kwenye ya chini huenda sambamba na hatari maradufu ya kufa kwa ugonjwa wa moyo au kiharusi. Nimebandika kipande cha karatasi juu ya rangi zote.

Mengine ni madogo. Kumbukumbu ya mashine huhifadhi vipimo mia kwa kila mmoja wa watumiaji wawili, na kitufe cha kubadilisha mtumiaji kiko karibu mno na cha kuwasha, kiasi kwamba vipimo vinne vya kaka viliingia kwangu. Programu yake ya simu iliniomba tarehe ya kuzaliwa, uzito na ruhusa ya kujua mahali nilipo kabla haijanionyesha hata namba moja. Niliifuta na kurudi kwenye daftari. Kuna pia alama ndogo ya moyo uliokatika mstari, inayowaka mashine inapohisi mapigo yasiyo na mpangilio. Iliwaka kwangu mara moja, nilipousogeza mkono katikati ya kipimo, na haikurudi nilipokaa sawa. Inayowaka tena na tena kwa mtu aliyetulia ni jambo la kumwonyesha daktari, kwa kuwa mapigo yanayokwenda ovyo katika vyumba vya juu vya moyo yanaweza kugandisha damu na kuleta kiharusi, na tena huzifanya namba za mashine yenyewe zisiaminike sana.

Niliporudisha daftari, daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sikulitegemea, kisha akaniuliza maswali ambayo mashine haikuwahi kuniuliza: lehemu yangu ilipimwa lini, sukari je, figo, ninavuta sigara, nani katika ukoo wetu alipata mshtuko wa moyo kabla ya uzee. Huu ndio mpaka wa kifaa hiki. Kinaona mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi, na mtu mwenye presha safi anayevuta sigara na mwenye lehemu nyingi amejikalia hatarini huku mashine ikimpongeza. Tulikubaliana nianze bila dawa kwa miezi mitatu: chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani; kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki; na kupunguza uzito niliokuwa nikiusingizia umri. Hapa lazima niipe mashine haki yake. Nasaha za aina hii nilizisikia kwa miaka bila kuzifuata, na tofauti safari hii ilikuwa daftari. Wastani wa mwezi wa pili ulikuwa 134 kwa 84, wa mwezi wa nne 129 kwa 81. Kushuka huko ni kudogo na hakusikiki mwilini kabisa. Bila namba zilizoandikwa ningeamini kwamba najitesa bure.

Ina madhara yake pia, na sijaona boksi linaloyataja. Mwezi wa tatu nilikuwa na usiku mmoja niliopima mara kumi na moja, kila namba ikinitia hofu na hofu ikiipandisha inayofuata, hadi nikaichomoa betri. Zile wiki mbili nilizoikimbia zilianzia hapo. Sasa napima siku saba za mwanzo wa mwezi na siku nyingine naiacha kwenye droo. Baya zaidi ni la jamaa mmoja niliyeongea naye, aliyekuwa akitumia dawa, akaona namba zake zimekuwa nzuri, akaziacha kwa uamuzi wake. Namba zilikuwa nzuri kwa sababu ya dawa. Mashine haiwezi kumwambia mtu hilo, na kijitabu kilichotumia kurasa tatu kueleza saa na tarehe hakikulipatia hata sentensi moja.

Nisisitize jambo moja ambalo ningependa lichapishwe juu ya mfuniko. Namba ikifika 180 kwa 120 na mtu ana maumivu ya kifua, pumzi inambana, anaona kiwi au upande mmoja wa mwili unalegea, hiyo ni dharura, na hakuna haja ya kusubiri kipimo cha pili. Na mwenye kifua kinachobana kana kwamba kimekaliwa, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono, jasho jembamba likimtoka, au kwa wanawake hasa, uchovu wa ghafla na kichefuchefu visivyo na sababu, asikae chini kufunga mkanda. Mshtuko wa moyo unaweza kuja na presha ya kawaida kabisa, na 124 kwa 78 kwenye kioo ikamshawishi mtu alale mpaka kesho.

Kwa ujumla wa matumizi, betri nne zimenitosha miezi sita, sauti ya pampu ni ya kuvumilika, na nilipoipeleka kliniki kulinganishwa na ya kwao tofauti ilikuwa milimita 3, kipimo ambacho nitakirudia kila mwaka kwa kuwa mashine hizi hupotea njia kadiri zinavyozeeka. Ningemshauri mtu kuinunua, kwa masharti kwamba apime mkono wake kwanza na aagize mkanda unaomfaa siku hiyohiyo. Wangu umeanza kuchoka: sehemu ya kunata huachia hewa inapojaa, na mkanda hufunguka kwa kishindo mkononi. Mpya bado haujafika. Ule mpana wa kaka uko hapa mezani, unashika vizuri sana, na wiki hii nimeujaribu mara moja. Ulinipa 121 kwa 76, namba nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Sikuiandika.